Si Kila Damu Chooni ni Bawasiri

Kaa kidogo kwenye stendi yoyote kubwa ya mabasi hapa kwetu, utamsikia muuza dawa na kipaza sauti chake: vidonda vya tumbo, nguvu za kiume, mgongo, bawasiri. Bawasiri haikosekani kwenye orodha, na wateja wake hawakosekani. Mtu anayetokwa damu akienda haja kubwa anasumbuliwa na mambo mawili kwa pamoja: damu yenyewe, na aibu ya kumweleza mtu mwingine. Muuza dawa anakumalizia yote mawili kwa shilingi elfu kadhaa. Hakuulizi kitu, wala hakwambii uvue nguo ulale ubavu.

Niseme mapema ili nisimtishe mtu bure: mara nyingi damu inayoonekana chooni kweli inatokana na bawasiri, au mchaniko mdogo kwenye njia ya haja kubwa uliosababishwa na choo kigumu. Shida ni kwamba saratani ya utumbo mpana, hasa ile inayoota chini kabisa karibu na mlango wa kutokea, inaweza kutoa damu ya namna ileile. Nyekundu, mbichi, na isiyo na maumivu yoyote. Wewe huwezi kuzitofautisha kwa macho, muuza dawa hawezi, na hata daktari bingwa hawezi kama amekaa upande wa pili wa meza anakusikiliza tu. Lazima mtu aangalie ndani. Hilo ndilo lililonifanya niandike makala hii.

Kaka yangu mkubwa ni dereva wa lori. Dar hadi Tunduma, na safari nyingine anavuka mpaka hadi Lubumbashi. Madereva wana imani yao kwamba kukaa muda mrefu kwenye kiti chenye joto ndiko kunakoleta bawasiri, na kila dereva anamjua mwenzake aliyewahi kuipata. Kwa hiyo damu ilipoanza, kaka hakuwa hata na swali, alishajijibu. Akanunua dawa ya kupaka, akanunua ya majani ya kunywa, akaambiwa aache pilipili akaacha. Damu ikikata wiki kadhaa, anasema dawa imemkubali. Ikirudi, anakumbuka kwamba juzi alikula pilipili. Wakati huo sikujua kwamba uvimbe wa utumbo hautoi damu kila siku. Hutoa ukaacha, ukatoa tena, na huko kuacha ndiko kunakomdanganya mgonjwa. Zahanati pia alikwenda, na huko nako akapewa dawa za bawasiri bila mtu kuvaa glavu. Nina uchungu nalo hilo hadi leo, ingawa najua kaka mwenyewe ndiye aliyeingia akasema, "Daktari, nina bawasiri," na nje foleni ilikuwa ndefu.

Aliyeshtuka ni wifi yangu. Alinipigia simu usiku akaniambia, "Wifi, kaka yako ametoboa tundu jipya kwenye mkanda. Halafu anaingia chooni anakaa, anatoka, anarudi tena. Anasema kuna kitu bado kipo lakini hakitoki." Hali hiyo ya kuhisi haja haijaisha hata baada ya kujisaidia ina maelezo yake. Uvimbe ukikaa kwenye rektamu, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, mishipa ya fahamu ya pale inauchukulia kama choo kinachotaka kutoka, na mwili unakusukuma chooni tena na tena kutoa kitu ambacho hakiwezi kutoka. Kaka alikuwa na miaka 44. Daktari wa upasuaji wa kwanza kumpima kwa kidole kwenye njia ya haja kubwa aliugusa uvimbe palepale. Ni kipimo cha chini ya dakika moja, kisichohitaji umeme wala mashine, na kingeweza kufanyika tangu siku ile ya zahanati.

Utumbo mpana una urefu wa mita moja na nusu hivi. Unaanzia chini kulia mwa tumbo, pale kilipo kidole tumbo, unapanda hadi usawa wa ini, unakatisha kwenda kushoto, unashuka, kisha unajipinda na kuishia kwenye rektamu, ambako choo hukaa kabla ya kutoka. Utando wake wa ndani unajijenga upya kila baada ya siku chache: seli kuukuu zinakufa, mpya zinazaliwa. Katika kuzaliana huko hutokea makosa kwenye vinasaba. Mengi mwili huyarekebisha. Yale yanayobaki yakirundikana mahali pamoja, kinaota kinyama kidogo ambacho madaktari wanakiita polipu. Polipu nyingi haziwi saratani hata mtu akiishi nazo hadi uzeeni. Ila saratani nyingi za utumbo mpana zilianza kama polipu, na kutoka kinyama hadi saratani kwa kawaida hupita miaka kumi au zaidi.

Miaka kumi ni muda mrefu mno, na ndiyo habari njema kubwa ya ugonjwa huu. Saratani zinazotupa nafasi ya namna hii ni chache. Ya mlango wa kizazi ni mojawapo. Polipu ikikatwa leo, saratani ambayo ingetokana nayo haitakuja kamwe. Na hata ikiwa imeshageuka, kama bado haijatoka nje ya ukuta wa utumbo, takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba wagonjwa karibu 9 kati ya 10 wanakuwa hai miaka mitano baadaye. Ikishatua kwenye ini au mapafu, hesabu hiyo inashuka hadi mmoja au wawili kati ya 10. Mwaka 2022 watu zaidi ya milioni 1.9 duniani waligunduliwa na ugonjwa huu, na takriban 900,000 walifariki. Kwa wingi wa vifo, saratani inayoizidi ni ya mapafu peke yake.

Wengi wetu tumekua tukiamini huu ni ugonjwa wa Wazungu, na wa wazee. Mwaka 2019 aliyekuwa Mbunge wa Kibra jijini Nairobi, Ken Okoth, alijitokeza hadharani kueleza kwamba ana saratani ya utumbo mpana na kwamba imeshafika hatua ya nne. Alikuwa akitibiwa Ufaransa. Alifariki Julai 26 mwaka huohuo, akiwa na miaka 41. Mwaka uliofuata akafariki mwigizaji Chadwick Boseman, naye kwa ugonjwa huohuo, akiwa na miaka 43. Nchi za Magharibi zinashuhudia wagonjwa wa chini ya miaka 50 wakiongezeka, na Marekani mwaka 2021 walishusha umri wa kuanza kupimwa kutoka miaka 50 hadi 45.

Imani ile haikutoka hewani, na ina mizizi hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko kwa miaka mingi, ikiwemo Hospitali ya Mulago, Kampala. Wengi wanamjua kwa saratani ya watoto inayobeba jina lake. Baadaye aligeukia jambo ambalo wenzake waliliona halina heshima: akaanza kupima vinyesi vya watu. Yeye na wenzake walipima uzito wake, na muda ambao chakula kinachukua tangu kinapomezwa hadi kinapotoka. Wanakijiji wa Uganda walitoa zaidi ya gramu 400 kwa siku, na chakula kilipita kwa siku moja na nusu hivi. Mabaharia wa jeshi la Uingereza walitoa gramu 100 na kidogo tu, na chakula kilikaa tumboni zaidi ya siku tatu. Burkitt alikuwa ameona pia kwamba magonjwa ya utumbo mpana yaliyojaa hospitali za Uingereza, saratani ikiwemo, yalikuwa adimu kwa wagonjwa wake wa Uganda. Mwaka 1971 akaandika kwamba tofauti iko kwenye makapi ya chakula, yaani nyuzinyuzi ambazo mashine za kukoboa zinaziondoa.

Tangu hapo sayansi imeongeza sababu ambayo Burkitt hakuijua. Nyuzinyuzi hazisukumi choo tu. Zinafika kwenye utumbo mpana zikiwa hazijameng'enywa, na huko zinakuwa chakula cha bakteria wanaoishi humo. Bakteria hao wakishakula wanatoa kemikali iitwayo butireti, ambayo ndiyo chakula kikuu cha seli za utando wa utumbo mpana. Inapunguza uvimbeuchungu, yaani hali ya mwili kuwaka na kuvimba kana kwamba unapigana na ugonjwa, na inasaidia seli zilizoharibika zife badala ya kuendelea kuzaliana. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walichapisha utafiti ambao kila nikiusoma unanishangaza upya. Walichukua Wamarekani weusi 20 na Waafrika Kusini wa vijijini 20, wakawabadilishia vyakula kwa wiki mbili. Wamarekani wakala ugali, maharage na matunda. Waafrika wakala soseji, baga na chipsi. Kabla ya kuanza, wote walipimwa kwa kamera inayopitishwa ndani ya utumbo: karibu nusu ya Wamarekani walikuwa na polipu, Waafrika hata mmoja hakuwa nayo. Baada ya wiki mbili tu, kwa Wamarekani butireti ilikuwa imepanda na dalili za hatari kwenye utando wa utumbo zimeshuka. Kwa Waafrika kila kitu kilikwenda kinyume.

Wiki mbili! Na wale waliokula soseji na baga hapo walikuwa kama sisi. Hata huku Kilimanjaro, utafiti uliochapishwa mwaka 2025 uliwahusisha vijana wa kiume 77. Wale wa vijijini waliohamishiwa chakula cha kimagharibi kwa wiki mbili walionyesha dalili za uvimbeuchungu kwenye damu, na wale wa mjini waliorudishiwa chakula cha asili walipata nafuu. Utafiti huo haukupima saratani, lakini uvimbeuchungu wa muda mrefu ni moja ya njia zinazoifikisha.

Kwa hiyo mtu akiniuliza ale nini, simtumi kwenye duka la vyakula vya afya. Namwambia arudi kwenye dona. Sembe nyeupe tunayoisifu imeondolewa ganda na kiini, na pamoja navyo zimekwenda nyuzinyuzi nyingi. Uji wa ulezi au mtama. Kunde, mbaazi, choroko, maharage; hivi ndivyo vyenye nyuzinyuzi nyingi kuliko karibu chochote tunachokula, na bado mijini tumevigeuza chakula cha mwisho wa mwezi. Kisamvu, matembele, mchicha. Mapera na maembe yaliwe kama yalivyo, siyo juisi iliyochujwa makapi yote yakatupwa. Hata ugali uliolala una faida yake, kwa sababu wanga ukishapikwa ukapoa, sehemu yake inageuka kuwa ya aina isiyomeng'enywa kirahisi, nayo inawafikia wale bakteria.

Nyama inahitaji maneno ya uangalifu kwa sababu watu wanaitia chumvi pande zote. Oktoba 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO) liliiweka nyama ya kusindikwa, yaani soseji, bekoni, salami na jamii yake, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani. Kila gramu 50 kwa siku, sawa na soseji moja hivi, zinaongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Hiyo haina maana kwamba watu 18 kati ya 100 wataugua. Chukua watu 100 ambao kwa kawaida watano wangeugua maishani: wote wakila soseji kila siku, wataugua sita hivi. Nyama nyekundu, yaani ya ng'ombe, mbuzi, kondoo na nguruwe, iliwekwa kundi la chini yake, la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Ushauri unaotolewa na wengi ni isizidi nusu kilo kwa wiki, ikipimwa baada ya kupikwa. Na pale inapoungua hadi kuwa nyeusi juu ya mkaa, kuna kemikali zinazozaliwa ambazo mwili hauzihitaji. Kwa mtu anayekula nyama ya sikukuu na msiba, hayo hayamhusu sana. Yanamhusu anayekaa kwenye nyama choma kila Ijumaa hadi Jumapili, bia mezani, maana pombe nayo inaongeza hatari hiihii, na sigara vilevile. Uzito, hasa kitambi, na kukaa bila kufanya mazoezi vimo pia.

Kuhusu aspirini, ni kweli kuna ushahidi kwamba inapunguza hatari kwa baadhi ya watu, lakini inaweza kukutoa damu tumboni hadi ulazwe. Usijiandikie mwenyewe.

Narudi kwenye dalili, kwa sababu hapa ndipo tunapopotezana. Damu ninayoizungumzia ni ya upande wa chini. Uvimbe ukiwa upande wa kulia, mwanzoni mwa utumbo mpana, choo bado ni majimaji na nafasi ni kubwa, kwa hiyo hakuna kinachoziba wala damu inayoonekana. Inavuja kidogokidogo, imechanganyika, huioni. Unachoona ni mtu anachoka, anahema akipanda ngazi, viganja vimekuwa vyeupe. Anapimwa, anaambiwa damu ni ndogo, anapewa vidonge vya kuongeza damu na dawa ya minyoo. Inapanda, inashuka tena. Kwa mwanamke anayepata hedhi kuna sababu nyingine nyingi za kupungukiwa damu. Lakini mwanamume mtu mzima, au mama aliyekoma hedhi, akiishiwa madini ya chuma bila sababu inayoeleweka, swali la kwanza linapaswa kuwa: damu hiyo inatokea wapi? Ukikutana na uvimbe upande wa kushoto, mambo yanabadilika: choo kinafunga siku kadhaa, kisha unaharisha, kisha kinafunga tena, au kinatoka chembamba kuliko ulivyozoea, na tumbo linasokota. Hapo utaambiwa taifodi. Ukirudi, amiba. Ukirudi tena, vidonda vya tumbo. Mabadiliko ya choo yakipita wiki tatu au nne, na hasa yakiongozana na damu au kukonda, dozi nyingine ya taifodi haitoshi.

Kaka alipogunduliwa, daktari alituambia sisi ndugu zake kwamba mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja na mgonjwa anapaswa kuanza kupimwa akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri aliougulia ndugu yake, lolote litakalotangulia. Kwa sisi ilimaanisha miaka 34, na mimi nilikuwa nimeshaipita. Nikaenda.

Nitaieleza kolonoskopi, kile kipimo cha kamera, ilivyo kwa sababu hofu yake imezidi kitu chenyewe. Kazi ngumu iko siku ya kabla. Unaacha chakula kigumu, unabaki na maji, chai ya rangi na supu iliyochujwa, kisha unapewa dawa ya kusafisha tumbo unayoichanganya na maji mengi na kuinywa gilasi baada ya gilasi, nyingine usiku, nyingine alfajiri. Ina chumvichumvi na mwishoni koo linakataa. Usipange safari, na usikae mbali na choo. Unajua umekuwa tayari pale kinachotoka kinapokuwa maji ya njano yasiyo na vipande. Hospitalini nilivaa gauni lililo wazi nyuma, nikalala ubavu wa kushoto nimekunja magoti, muuguzi akanichoma sindano ya usingizi mwepesi. Nilikuwa nasikia sauti kwa mbali, na tumbo limejaa hewa wanayoipuliza ili utumbo utanuke. Kwenye skrini niliona ukuta wa waridi unaong'aa, na vimishipa vyembamba vimetandaa juu yake. Halafu kamera ikasimama. Kwenye mkunjo mmoja kulikuwa na kinyama kama punje ya harage. Daktari akapitisha waya wenye kitanzi, akakivisha, akakaza, kikang'oka. Sikusikia maumivu, kwa sababu utando wa ndani hauna hisia ya kukatwa. Majibu ya maabara yalikuja kwamba ni polipu ya aina ile inayoweza kugeuka, ila ilikuwa haijageuka. Nimeambiwa nirudi baada ya miaka mitano.

Kaka yeye alipata mionzi na dawa za kemikali kwanza ili uvimbe usinyae, kisha upasuaji. Kwa kuwa uvimbe ulikuwa chini sana, rektamu yote iliondolewa, na sasa haja inatoka tumboni kwenye mfuko. Amerudi kazini, safari fupifupi za mjini. Mifuko inagharimu, na akiwa mkoani haipatikani kirahisi, kwa hiyo anatembea na akiba. Aliyemfundisha kuivaa ni wifi, na aliyemfundisha wifi ni muuguzi mmoja mvumilivu sana.

Najua kamera haipo kila wilaya, na ilipo ina bei. Uingereza watu wanatumiwa kwa posta kifaa cha kuchukulia kipande cha choo, wanakirudisha maabara, na wale wanaokutwa na damu isiyoonekana kwa macho ndio wanaoitwa kwenye kamera. Hapa Tanzania hakuna barua itakayokuja kukuita, lakini kipimo cha damu iliyojificha kwenye choo kinafanyika kwenye maabara nyingi, na ni rahisi kuliko kamera. Kama huna dalili na umefika miaka 45, kiulizie, na kikiwa sawa kirudie kila mwaka. Kama una dalili, usiridhike nacho hata kikisema hakuna damu. Wewe unahitaji kuangaliwa. Na ukiingia kwa daktari, usimpelekee jina la ugonjwa. Mpelekee mambo yenyewe: damu ilianza lini, ina rangi gani, imechanganyika na choo au inadondoka baadaye, uzito umepungua kiasi gani, nani kwenye ukoo aliwahi kuugua saratani. Kisha mwambie, "Naomba unipime kwa kidole." Akisema si lazima, muulize amejuaje kwamba ni bawasiri.

Kwetu wanne tumeshapima. Mdogo wetu wa mwisho kila tukimkumbusha anasema atakwenda akimaliza mavuno. Nimemwomba wifi ampigie yeye, maana huyo humsikiliza shemeji yake kuliko sisi dada zake.